MAMA WA MABABA

"Mtoto yuko wapi?!"

Hilo ndilo lililoniingia masikioni nilipopokea simu...

Na mwenzenu wakati huo nilikuwa naning'inia ghorofa ya tano, nje ya ukuta wa mahakama ya familia. Miguu iko hewani. Watu kule chini wadogo kama punje za mtama.

"Wifi, siwezi kuongea sasa hivi, niko mubashara..."

"Nakuuliza, mtoto yuko wapi!"

"Mtoto gani?"

"Kidoti! Amechukuliwa shuleni! Amechukuliwa kwa kadi yako!"

Jamani... kadi yangu!

Nikainua uso juu kumtafuta kaka yangu. Yeye ndiye aliyekuwa amenishikia kamba siku ile. Yeye ndiye baba wa Kidoti.

"Kaka!"

Kimya.

"Kaka! Chungulia!"

Hakuna aliyechungulia. Juu ya paa hapakuwa na mtu. Na lile gunia tulilolitandika ukingoni ili kamba isisuguane na zege lilikuwa limeteleza pembeni. Kamba yangu ilikuwa inalia pale juu. Krii... krii... krii... Kila nikitikisika, inalia.

Kaka yangu wa tumbo moja alikuwa ameniacha pale na kuondoka.

Ngoja niwarudishe nyuma, la sivyo mtaniona mwendawazimu.

Kazi yangu ni kuosha vioo vya maghorofa. Ndiyo, mwanamke! Wale mnaowaona wanabembea huko juu na ndoo na mpira wa kufutia maji, mmoja wao ni mimi. Miaka tisa sasa.

Kazi yetu ina sheria moja isiyo na mjadala: hushuki bila mtu wa juu. Mtu wa juu anakaa pale kamba zilipofungwa. Analinda fundo, analinda gunia, hasogei hata akibanwa na haja. Mtu wa juu ndiye roho yako.

Sasa kaka yangu. Yeye ni fundi friji. Wazazi wetu walipofariki nilikuwa na miaka kumi na moja, yeye ishirini. Ndugu wakagawana vyombo, mimi nikabaki kwake. Alinilea mwenyewe. Alinifulia, alinipikia, alinisuka nywele kwa mikono yake ya spana mpaka wenzangu darasani wakaniita Fagio!

Kwa hiyo mtu akiniambia mwanaume hawezi kulea, hapo tunagombana.

Kaka alioa. Wifi yangu ni mpimaji wa macho kwenye duka la miwani, mwanamke mtaratibu, hana makuu. Wakampata Kidoti. Tunamwita hivyo kwa sababu ya alama ndogo nyeusi juu ya mdomo. Kisha ndoa ikawashinda. Hakuna aliyefumaniwa, hakuna aliyepigwa. Walichokana tu, kama watu wanavyochokana.

Mahakama ikaamua: mtoto akae na mama, baba amwone Jumamosi moja ndani ya wiki mbili.

Jumamosi ya kwanza akamwona.

Ya pili, mtoto ana homa.

Ya tatu, wamesafiri.

Ya nne, mlango haukufunguliwa kabisa. Na taa ya ndani inawaka.

Kaka akaupiga teke ule mlango. Teke moja tu. Kitasa kikang'oka.

Kidoti alikuwa amesimama nyuma ya mlango.

Hakuumia, namshukuru Mungu, lakini alipiga yowe mpaka majirani wakatoka. Wifi akaenda kushtaki, hakimu akasimamisha zile Jumamosi mpaka kesi isikilizwe upya. Ndugu zangu, hiyo kesi haikusikilizwa! Mara hakimu yuko likizo, mara faili halionekani, mara wakili anaumwa tumbo. Iliahirishwa mara saba.

Miezi kumi na minne kaka hakumtia mwanawe machoni.

Mwezi wa tatu tu wa kusubiri akaniambia kuna kikundi. Kinaitwa Baba Yupo. Wanaume kama thelathini hivi, wote wana kesi kama yake, wanakutana kwenye ukumbi mdogo nyuma ya karakana ya seremala. Kiongozi wao tulimwita Mwenyekiti, mwalimu mstaafu wa michezo, anaongea kama bado ana filimbi shingoni.

Nilimsindikiza kaka siku ya kwanza nikae nyuma, nisikilize, niondoke.

Sikuondoka.

Kuna baba mmoja pale alikuwa anatembea na kiatu kimoja cha mtoto mfukoni. Mtoto alishakua, kile kiatu hakimtoshi tena. Lakini ndicho alichobaki nacho. Mimi nililia, siwadanganyi.

Andamano letu la kwanza tulisimama mbele ya mahakama na bango: BABA SI MGENI. Mwandishi mmoja wa habari akanifuata na kamera.

"Wewe mwanamke, humu unatafuta nini?"

Nikamjibu bila kufikiri:

"Mimi nimelelewa na mwanaume. Nani ataniambia mwanaume hawezi kulea?"

Weee! Video ikasambaa kama moto wa nyasi kavu. Watu wakanipa jina, Mama wa Mababa. Nikafungua ukurasa huu huu mnaousoma. Mwezi mmoja, wafuasi elfu tano. Miezi mitatu, elfu kumi na mbili. Mtu wa kufuta vioo, ambaye watu ndani ya ofisi hawanitazami hata usoni japo tunatenganishwa na kioo tu, leo napigiwa simu na redio!

Nakiri. Nilinogewa.

Tukaanza kuongeza dozi. Andamano la pili tulikaa chini katikati ya barabara, kwenye mzunguko mkubwa, asubuhi watu wanaenda kazini. Magari yakafunga njia zote nne. Honi, matusi, vumbi... na mimi naongea na simu: "Wakisema tunawachelewesha, waulizeni sisi tumecheleweshwa miaka mingapi!"

Gari la wagonjwa likaja kwa nyuma.

Tulilipisha, tukaliachia njia. Kila mtu aliiona video yetu tukilipisha na kupiga makofi. Nisichowaonyesha ni kwamba tulilipisha baada ya dakika tisa. Dereva alishuka, akaja mpaka nilipokaa, akanitazama.

"Dada," akasema, "ndani kuna mama anajifungua."

Hakugomba. Hakutukana. Alisema hivyo tu, akarudi kwenye gari.

Usiniulize yule mama alifikaje. Mpaka leo sijui, na sikutafuta kujua.

Tangu siku ile kaka akabadilika. Zamani kwenye mikutano alikuwa anapiga meza, anafoka, anamlaumu hakimu, anamlaumu wifi, anajilaumu mwenyewe. Sasa akawa haongei. Anakaa, anasikiliza, anatikisa kichwa, anaaga.

Mwenyekiti akanivuta pembeni.

"Mama wa Mababa, kaka yako anakula?"

"Anakula."

"Analala?"

"Nadhani."

"Mimi nimefundisha vijana miaka thelathini," akasema. "Anayelalamika simwogopi. Anayenyamaza ghafla ndiye ninayemfungia mlango asitoke. Mwangalie."

Nikacheka. Nikamwambia, Mwenyekiti, kaka yangu namjua mimi.

Wiki ile ile kaka akaja kwangu.

"Wewe unaosha vioo vya ile mahakama, sivyo?"

"Mara mbili kwa mwaka."

"Walinzi wanakujua?"

"Wananijua, wananiita dada Ndoo. Kwa nini?"

"Tushushe bango kutoka juu ya paa mpaka chini. Ghorofa saba. Wewe ukiwa kwenye kamba, mubashara. Mimi nitakuwa mtu wako wa juu."

Niliiona ile picha hata kabla haijapigwa!

"Lini?"

"Alhamisi."

"Kwa nini Alhamisi?"

"Alhamisi inafaa."

Jumatano nikapita karakana kwake kuchukua bango. Mle ndani huwa hapapitiki kwa mafriji ya wateja na nyaya. Siku hiyo palikuwa peupe. Mafriji yote yamerudishwa kwa wenyewe, sakafu imefagiliwa, vifaa vimepangwa kwenye sanduku. Na kwenye kiti cha nyuma cha gari lake kulikuwa na mto mdogo wa kitoto, una maua.

"Wa nini huo?"

"Wa mgongo wangu."

Nikaamini. Mtu ukitaka kuamini, hata mto wenye maua utaambiwa ni wa mgongo na utaitikia.

Alhamisi saa tatu asubuhi tukaingia na ndoo zetu na koti za kazi. Walinzi wakanisalimia vizuri, mmoja akanisaidia kubeba kamba mpaka kwenye lifti. Namkumbuka sana yule baba. Alifukuzwa kazi.

Juu ya paa tukafunga kamba kwenye nguzo, tukatandika gunia. Nikamwachia kaka begi langu la kazi. Ndani yake kuna pochi, na ndani ya pochi kuna kadi.

Niwaeleze hiyo kadi. Shule ya Kidoti haitoi mtoto hivi hivi, lazima mtu aje na kadi yenye picha ya mtoto na mhuri wa shule. Anayeishika ndiye anayepewa mtoto. Wifi alikuwa na moja, mama yake alikuwa na moja, na ya tatu alinipa mimi. Pamoja na talaka, pamoja na maandamano yangu yote, alinipa! Alisema, "Ugomvi ni wetu sisi wawili. Shangazi yake utabaki kuwa wewe."

"Shuka pole pole," kaka akaniambia.

Akanigusa kofia. Hajawahi kunigusa kofia.

Nikashuka. Bango likafunguka, watu chini wakapiga mbinja, simu kifuani inarusha, namba inapanda... elfu nane wanatazama, elfu kumi na moja, elfu kumi na tano! Askari wanamiminika kutoka kila upande kuja kunitazama mimi.

Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nitazamwe.

Ndipo wifi akapiga simu.

Sasa mko pamoja nami pale ghorofa ya tano. Kamba inalia.

Nilitaka kujivuta juu, mikono ikakataa. Nilitaka kushuka, nikaogopa kutikisika. Nikabaki nimening'inia kama kanga wa sokoni, na maelfu ya watu wananitazama wakidhani ni ushujaa.

Kichwa kikatokeza juu. Si kaka. Ni askari, mnene, anahema kwa ngazi.

"Wewe dada! Uko chini ya ulinzi!"

"Afande, gunia!"

"Nini?"

"Lisukume hilo gunia chini ya kamba! Tafadhali, afande, nitakufa!"

Akatazama. Akaona. Akapiga magoti, akalisukuma gunia, akaishika kamba kwa mikono yake miwili na kuniambia, "Shuka sasa, mama, nipo." Mtu aliyekuja kunikamata ndiye aliyekuwa mtu wangu wa juu.

Nilipogusa chini, pingu.

Kituoni wakanikalisha kwenye benchi mbele ya meza ya ofisa wa zamu. Simu yangu ikawekwa mezani. Kaka hapatikani. Nilimpigia mara kumi na moja mbele yao, kila mara ni yule mama wa mtandao anayetuambia tujaribu baadaye.

Saa sita kasoro wifi akaingia. Bado amevaa koti lake jeupe la dukani. Hakulia, hakupiga kelele. Alikuja mpaka nilipokaa, akachuchumaa, akanishika magoti.

"Nina dakika chache tu," akasema kwa sauti ya chini. "Unajua kwa nini."

Ofisa akauliza, "Anajua nini?"

Hapa, ndugu zangu, ndipo ninapotakiwa kuwaambia jambo nililokuwa nimelificha, hata kwenye masimulizi haya nimelipita kama silioni.

Kidoti ana kifafa.

Kilimwanza miezi kumi kabla ya Alhamisi ile, baada ya kaka kusimamishwa kumwona. Anatumia dawa mara tatu kwa siku. Asubuhi anapewa na mama, jioni anapewa na mama, na ile ya saa sita mchana anapewa na mwalimu wake. Ikikosekana, haipiti muda mrefu kinamwangusha.

Wifi aliniambia mwenyewe, kwenye kile chumba cha giza cha kupimia macho, herufi zinawaka ukutani mbele yetu. Alilia siku ile. Kisha akanishika mkono.

"Usimwambie kaka yako. Atasema mtoto ameugua mikononi mwangu. Atalipeleka mahakamani."

Nikaapa.

Mwalimu alijua. Bibi alijua. Mimi nilijua. Baba mtu peke yake ndiye hakujua... na ndiye aliyekuwa naye kwenye gari.

"Anaweza kuwa ameelekea wapi?" ofisa akaniuliza.

Nikaitazama saa ya ukutani.

Nilikuwa najua. Kaka ana rafiki mwenye kituo cha mafuta cha mwisho kabla ya mpaka, amemtaja mara nyingi. Lakini huyu ndiye aliyenisuka nywele. Nikimtaja, anafungwa. Nikinyamaza, labda... labda nini? Nilikuwa natafuta hiyo labda na saa ya ukutani inatembea.

"Saa sita imegonga," wifi akasema.

Nikafumba macho. Nikakitaja kituo cha mafuta. Ofisa akarukia redio yake ya mkononi.

Kisha nikaomba simu nijaribu kumpigia tena. Wakanipa. Sikumpigia. Nilifungua ukurasa wangu, nikaenda mubashara. Pingu mkononi, vumbi usoni.

"Kaka, kama unanisikia... Kidoti ni mgonjwa. Ana kifafa. Dawa yake ni ya saa sita. Haiko kwenye begi lake la shule, iko kwa mwalimu. Kaka, mpeleke hospitali yoyote iliyo karibu! Yeyote atakayemwona mtoto huyu..."

Nikaonyesha picha yake. Nikataja na jina la dawa. Watu elfu ishirini walikuwa wananisikiliza.

Wifi alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto.

Yaliyofuata nayasimulia kama kaka na muuguzi walivyoyasema mbele ya hakimu.

Kaka hakupita kule askari walikotega. Alichukua barabara ya zamani, ya changarawe, simu imezimwa. Mwanzoni Kidoti alifurahi, walikuwa wanaimba. Saa nane kasoro akasema, "Baba, macho yangu yanacheza." Kaka akadhani ni usingizi, akamwekea ule mto.

Halafu mtoto akakakamaa.

Aliendesha kilomita sita kwa mkono mmoja, wa pili umemshikilia mwanawe asianguke kwenye kiti. Akaona kibao cha zahanati. Akaingia mbio na mtoto begani, anapiga kelele kama mtu aliyefiwa.

Muuguzi akampokea.

"Ameanza lini?"

"Sijui! Sasa hivi!"

"Anatumia dawa gani?"

"Hatumii dawa!"

"Wewe ni nani wake?"

"Baba yake."

Muuguzi akamtazama mtoto usoni, ile alama juu ya mdomo. Akachomoa simu yake kwenye koti.

"Huyu si ndiye yule anayetafutwa?"

Akaiweka ile video mbele ya kaka, huku wenzake wamemshika mtoto. Kaka akanisikia mimi, mdogo wake, nikiwatangazia watu wote ugonjwa wa mwanawe... ugonjwa ambao yeye hakuwahi kuambiwa.

Muuguzi alisema hakukimbia. Alikaa sakafuni, akawasha simu, akampigia wifi. Alisema maneno matatu tu.

"Njoo. Njoo haraka."

Kidoti alipona. Vuteni pumzi, alipona.

Kaka alifungwa miezi sita. Mimi nikapewa kifungo cha nje. Baba Yupo ikafa. Magazeti yakaandika "kikundi cha wateka watoto", na wale mababa ambao hawakujua lolote wakaona aibu hata kusimama mahakamani. Yule mwenye kiatu kesi yake ilikuwa Ijumaa, kesho yake. Mahakama ilifungwa kwa sababu yangu, kesi ikaahirishwa, na ilipokuja kusikilizwa hakimu akamuuliza jambo moja tu: "Na wewe ni wa kikundi kile?"

Mwenyekiti alinipigia mara moja. Hakunilaumu.

"Nilikuambia umwangalie kaka yako," akasema. "Kumbe nilitakiwa nikuangalie wewe."

Sikumwelewa wakati ule.

Kaka alipotoka, kesi ya mtoto ikasikilizwa, safari hii kweli kweli. Mimi nilikaa nyuma, nimeshajiandaa kusikia amepigwa marufuku ya maisha.

Wifi akasimama.

"Mheshimiwa, naomba baba apewe Jumamosi zake, kwa usimamizi. Na afundishwe dawa za mtoto. Mwanangu aliponea mikononi mwake, na angekuwa anajua asingemchukua bila dawa. Kosa la kumficha lilikuwa langu, na naliungama hapa."

Kaka akainama akalia mpaka mabega yakatikisika. Na mimi nikalia. Nikasema moyoni, yamekwisha, tumeshinda!

Wifi hakuwa amemaliza.

"Naomba jambo la pili. Shangazi yake asimkaribie mtoto."

Nilidhani nimesikia vibaya.

Nje, kwenye ngazi, nilimkimbilia.

"Wifi! Wewe ndiye uliyeniapisha nisiseme! Leo unanigeuka?"

Akasimama. Akanitazama kwa yale macho yake ya kupima watu.

"Mimi nilikuwa na hasira naye," akasema. "Ndiyo maana nilimficha. Ni vibaya, lakini sababu ilikuwepo. Wewe unampenda kaka yako kuliko mtu yeyote. Ulimwona akinyauka miezi kumi. Wewe ulikuwa na sababu gani?"

Nikamshika mkono, akautoa.

"Ulikuwa na miezi kumi ya kumwambia mtu mmoja," akasema. "Ukaenda kuwaambia watu elfu ishirini. Sasa hivi shuleni wenzake wanamwigiza akianguka."

Akaondoka.

Ndugu zangu, jibu nilikuwa nalo. Ndiyo maana nimekaa kimya miezi minane bila kuposti, na leo nalitoa.

Haikuwa kile kiapo. Nilijua kwamba siku kaka akisikia mwanawe anaumwa, asingesubiri andamano wala bango. Angekwenda kupiga magoti mbele ya ule mlango alioupiga teke, na wifi angefungua, kwa sababu anayelia kwa ajili ya mtoto wako humfungii. Ugomvi ungeisha jikoni kwao, juu ya vikombe viwili vya chai.

Na Mama wa Mababa angerudi kuwa dada Ndoo.

Mara tatu nilishika simu nimwambie. Mara tatu nikaangalia idadi ya wafuasi, nikasema, baada ya andamano lijalo.

Haki ya baba ni kweli, sirudi nyuma hata hatua moja. Mwanaume analea, mimi ni ushahidi. Lakini ukibeba kilio cha mwenzio mgongoni, jichunguze kila asubuhi kama bado unataka kinyamaze. Mficha maradhi kifo humuumbua, wazee walisema. Mimi maradhi niliyoyaficha hayakuwa ya Kidoti. Yalikuwa ya kwangu.

Kaka hajanikana. Hunipitia siku za Jumamosi jioni akitoka kumwona mwanawe. Anakaa, anakunywa maji, nguo zake zina harufu ya sabuni ya mtoto.

Juzi nikamuuliza:

"Kidoti hajambo?"

"Hajambo."

"Dawa zinamkubali?"

Kaka akazungusha glasi mezani. Akanitazama kwa huruma, ile ile aliyonitazama nayo nikiwa na miaka kumi na moja.

"Nimeapa kutokuambia," akasema.

Ungekuwa wewe, ungemlaumu?